Mafuta ya Taa

Pasua, saa kumi na mbili asubuhi. Baridi.
Ndekirwa anapasha silinda ndogo kama kidole gumba
kwa utambi wa jiko la mchina la mama yake;
mafuta ya taa yakipoa
hununa kama mgeni aliyenyimwa kiti.

Anazungusha pangaboi. Mara arobaini.
Moshi tu. Mji tayari una jina hilo,
wa nini tena?

"Petroli ingeshawaka," nasema.
"Na ingeshaisha. Kibosho mbali."

Mara ya arobaini na moja inamng'ata kidole,
inakohoa,
inashika.

Ndege inapita juu ya migomba, inakuwa nzi, inakuwa mlio.
Sisi tunabaki tukinuka kibatari,
kama usiku wa kuamkia mtihani,
na mama yuko mlangoni, sufuria mkononi:
nani kamaliza mafuta?