Barafu Iliyogoma

Darasa letu ni chumba cha nyuma ya duka la vipuri,
Mwananyamala kwa Kopa, saa kumi na mbili jioni.
Wanafunzi tisa, feni moja inayozunguka ikijisikia,
na mwalimu Kalumuna, shati limemganda mgongoni.
Tunarudia mtihani. Mimi nina miaka thelathini na nne.
Mchana nauza barafu.

Alichora duara moja kubwa, mawili madogo,
kama panya mwenye masikio.
"Oksijeni huyu. Hawa wawili haidrojeni.
Wanachangia elektroni, lakini si kwa haki:
mkubwa anazivutia kwake,
kama mtu mnayelala naye shuka moja,
asubuhi lote liko upande wake."
Sote tulimjua mtu huyo.
"Basi huku kuna chaji hasi kidogo, kule chanya kidogo.
Kidogo tu. Hicho kidogo ndicho kinachotuweka hai."

Hasi ya huyu humshika chanya wa jirani,
jirani humshika jirani,
wanaachana, wanashikana tena,
upesi kuliko kope.

Kitabu kina neno la Kiingereza kwa hilo.
Mwalimu akalitafutia la kwetu, akakuna kichwa:
"Mshikamano." Zabibu akacheka,
neno la mikutano ya hadhara lile.
"Na maji yanaposhika kisicho maji?
Ukuta wa bilauri, mrija mwembamba ndani ya shina?"
Kimya.
Kung'ang'ania, nikasema.
Akaliandika ubaoni kwa kipande cha mwisho cha chaki.
Nililitazama kama jina langu kwenye orodha ya waliofaulu.

Nje kuna mwarobaini. Hauna pampu, hauna luku,
na maji yanafika kwenye jani la juu kabisa:
jani linapoteza chembe kwa jua,
chembe inamvuta mwenzake, mwenzake mwenzake,
mnyororo mpaka mizizini.
Bomba la mtaa wetu halijapanda hata ngazi tatu tangu Jumatatu.

Ndipo nikainua mkono, nikauliza linaloniuma.
Maji yalipokatika nilinunua madumu sita
kwa kijana wa mkokoteni. Akaapa ni ya bomba.
Nikajaza vifuko, nikavilaza friza usiku kucha,
friza langu kongwe, baridi yake ya kubahatisha.
Asubuhi nikakuta uji.
Kijiwe cha bodaboda wakanirudishia,
mmoja akisema barafu yangu ina homa.
Elfu kumi na nane, mwalimu. Imekwenda.

Hakucheka. Alikaa juu ya meza.
"Maji yakiganda hupanga safu,
kila molekuli na jirani zake wanne, kwa nafasi.
Ndiyo maana barafu ni pana kuliko maji yake,
huelea, na chupa uliyoisahau ndani hupasuka.
Sasa chumvi ikiingia inaachana, ioni chanya na ioni hasi,
na maji hayajui kumkataa mgeni:
yanamzunguka kila mmoja, yanamhudumia.
Safu haipangiki.
Ili igande inataka baridi ambayo friza lako halina."

Kumbe sikuuziwa maji. Niliuziwa myeyusho.

Nilirudi kwa miguu. Joto la Januari halijui kuchwa.
Jasho likakauka shingoni, likaondoka na joto langu,
biashara pekee ninayopata faida bila mtaji.

Asubuhi kijana akagonga geti, madumu yanagongana.
"Ya bomba, dada. Wallahi."
Nikachovya kidole, nikalamba.
Haya yana ioni, nikamwambia.
Akaangalia dumu. Akaniangalia mimi.
"Hizo nimekuongezea bure."