Unyaufu

Miaka ishirini na sita nilikuwa karani wa mizani
ghalani, hapa Mtwara, njia ya bandarini.
Najua gunia linavyodanganya.
Namjua anayelowesha korosho usiku ili kukipambazuka ziwe na kilo,
anayechanganya kokoto,
na kidole gumba kinavyojipumzisha kwenye sahani
kama hakina habari.
Nalijua na lile neno tuliloandika
kilo zikitoweka na mwizi asionekane:
unyaufu.

Sasa sukari imepanda. Somoe ameniletea saa
kwa basi, kutoka Dodoma, ndani ya soksi.
"Baba, kilomita nne kila siku. Nitakuwa nakuona."
Anaona kwenye simu yake, nami kwenye yangu,
mstari mwekundu, mwembamba kama uzi wa kushonea magunia.

Siku ya kwanza nilitoka Chikongola mpaka Shangani.
Mstari ukapenya ukuta wa benki,
ukakatiza chumbani kwa mama Likapa, mjane, Mungu shahidi yangu,
ukafika ufukweni na haukusimama.
Mita thelathini ndani ya maji!
Simu ikalia. "Baba! Uko wapi?"
Niko kwa muuza mihogo, mwanangu. Mkavu.

Mizani mpya hupimwa kwa jiwe linalojulikana.
Nikachukua kamba ya mita hamsini,
nikainyoosha kiwanjani, mara nane kwenda, mara nane kurudi.
Mia nane.
Saa ikasema mia tisa na kumi na mbili.
Kesho yake, kamba ileile, miguu ileile: mia saba na arobaini.

Mfaume, fundi simu, akanieleza
kwamba setilaiti huko juu zinatuma salamu,
salamu zikigonga bati na ghorofa zinachelewa,
basi saa inakisia.
"Inakisia?"
"Inakisia, mzee."
Kukisia ni kazi ya kangomba:
bakuli, jicho, haya lete.
Sijawahi kukaa meza moja na karani anayekisia.

Nikafungua daftari. Safu mbili: saa, kamba.
Kosa halifutwi.
Linakatwa kwa mstari mmoja, lisomeke,
na saini pembeni.

Kisha Asumini akalazwa Ligula.
Usiku kucha nilikaa kwenye kiti cha plastiki,
mkono wenye saa chini ya mkono wake.
Sikuinuka, hata kwa haja.
Alfajiri nikatazama simu: fundo.
Uzi umetoka dirishani, umekwenda barabarani, umerudi,
umezunguka wodi, umezunguka tena,
umefika mapokezi, umegeuka bila kuuliza kitu.
Kilomita tatu na mita mia sita.

Baada ya arobaini, Somoe akiosha masufuria,
akasema bila kunitazama:
"Usiku ule, baba, ulitembea sana."

Nilifungua daftari. Safu ya kamba: sifuri.
Nikashika kalamu.
Nimekata makosa ya watu wazima, ya viongozi wa ushirika,
ya bwana mmoja aliyekuja na gari mbili,
na mkono haukutetemeka.
Ule mstari sijaukata.

Leo nimekwenda kilomita nne, kwa kamba.
Saa imeandika tatu na nusu.
Nimeandika iliyobaki kwenye safu yake:
unyaufu.