Njia ya Nne

Mashine ilikata roho ukurasa wa mia mbili na tisa.
Haikukoroma, haikuaga:
dirisha lilikuwepo, mara halipo,
na daftari la zamu la mwaka sabini na nne
likabaki chini ya taa ya skana, nusu limesomwa.

Tilen akacheka kwenye simu, kutoka Maribor.
"Bibi Nežka, kumbukumbu imejaa. Giga nne ni kijiko.
Ikijaa, mna mnyongaji humo ndani,
hutazama nani kanenepa kuliko wote, humkaba huyo.
Ipe pa kupumulia. Itengee faili la kubadilishana."

Nikamwambia: mwanangu, hilo nalijua.
Miaka thelathini na mmoja nilipanga mabehewa
stesheni ya Jesenice, glavu zimelowa grisi, filimbi mdomoni.
Reli kuu fupi, treni ndefu;
behewa lisilo na haraka unalisukuma kando,
lingoje huko na kutu yake
mpaka liitwe.

Lakini diski yangu ina tabia.
Tilen ndiye aliyeipanga: kila saa inajipiga picha,
na haifuti andiko. Ukibadili neno
inaandika jipya pembeni, la zamani inaling'ang'ania,
kama karani wetu Hribar, aliyetunza hata risiti za mkate.

Mara ya kwanza ikakataa. Faili lina matundu, ilisema.
Nikalijaza sufuri, giga nane za sufuri,
chai ikapoa, theluji ikapanda hadi kizingiti cha dirisha;
ikakataa tena: faili hili huhama kila linapoguswa,
nani alaze mzigo kwenye godoro linalotembea?
Nikaanza upya. Faili tupu kwanza,
na kabla halijapata hata herufi nikalitia alama:
usihame, usibanwe.
Ndipo sufuri. Ndipo kufuli, mkuu wa mashine peke yake asome.
Ikakubali. Nikala kipande cha potica nimesimama.

Siku tano baadaye nikagundua hakuna picha.
Tano! Saa mia na ishirini karani hakuandika kitu,
wala hakunung'unika.
Nililiweka faili chumba kimoja na mengine,
na chumba chenye mgeni asiyetulia hakipigiki picha.

"Lipe juzuu yake," akasema Tilen. "Ndogo, pembeni,
kamera isifike."
Nikanyamaza hata akauliza kama simu imekatika.

Maana daftari la Juni tisini na mbili
nilishalipitisha kwenye skana. Nilianza na hilo, sijui kwa nini.
Njia ya kwanza: makaa. Ya pili: mbao. Ya tatu: chuma chakavu.
Njia ya nne: mstari mtupu, kalamu yangu imeruka.
Siku mbili behewa lilisimama pale, mlango umefungwa kwa waya,
na ndani watu kumi na mmoja kutoka Bosnia,
na mtoto aliyekohoa pale tu treni ilipopita,
kana kwamba amefundishwa.
Nilipeleka maziwa. Sikuandika.
Asubuhi ya tatu behewa lilikuwa jepesi, nikalirudisha kwenye mstari.
Hribar aliniuliza, kalamu sikioni: njia ya nne ina nini?
Nikamjibu: nafasi.

Basi nimefungua juzuu ndogo, nikaiita Nne.
Nikahamishia humo malazi, nikaongeza mstari mmoja
kwenye orodha ambayo mashine huisoma ikiamka,
nikazima, nikawasha, nikaiuliza una nini.
Giga nane, ikajibu. Zilizotumika: sufuri.

Ukurasa wa mia mbili na tisa ukapita.
Wa kumi. Wa kumi na moja, wenye doa la kahawa ya Hribar.
Feni ikavuma, kitu kikasukumwa kando gizani,
sikuuliza ni kipi.
Saa nne kamili picha ikapigwa:
makaa, mbao, chuma chakavu.