Risiti Moja

Kila Ijumaa, tangu Khainza awe na pengo mbele,
nilivuka Barabara ya Naboa na pesa kifuani,
elfu tano, elfu tatu, wiki ya msiba elfu moja,
na Wamimbi akagonga muhuri kwenye kitabu cha kijani:
AKIBA YA MASOMO. Herufi kubwa, kama jina la kanisa.

Nilishona sare za watoto wa watu.
Pindo la sketi lilikuwa daftari,
vifungo sita, kalamu.
Miaka kumi na mitatu cherehani ilihesabu ada
ya chuo ambacho sijawahi kuliona lango lake.

Kisha Agosti, barua. Ufadhili.
Ada yote, wameandika, yote. Khainza akaisoma mara tatu,
ya tatu kwa Lugisu, ili bibi yake naye apige vigelegele.
Nikachinja. Nikakopa kuku wa pili.

Jumatatu nikaenda kutoa changu.

Wamimbi akavua miwani. Ni mtu mwema, ndiyo maana aliumia.
"Mama Khainza, ulichoweka ni chako, chukua hata leo.
Faida, kodi hukata kipande chake kwanza.
Ila nyongeza ya chama ni ya ada tu. Lete ankara ya chuo."
Nikaleta ankara. Chini kabisa: salio, sifuri.
"Imekwisha lipwa," akasema. "Na chama hakilipi kilicholipwa.
Risiti moja haizikwi makaburi mawili."

Nikamuuliza: na godoro?
Na chumba, na mchele, na nauli ya basi hadi Gulu,
na kompyuta ambayo barua inasema ni lazima
lakini haisemi nani atainunua?
Akapekua kanuni kwa kidole chenye mate.
Chumba kimo, kikiwa na risiti. Mchele haumo.
Kompyuta, ukurasa umechanika.

Tulicheka, nadhani. Mimi nilianza.
Sijui kama mtu anaweza kuwa na kinyongo na bahati.
Mwanangu kashinda, na ushindi wake
umeifanya akiba yangu mjane mwenye mali
asiyeruhusiwa kugusa ghala.

Tukapiga hesabu nyuma ya bahasha:
chumba kwa nyongeza, hata ikipungua;
kompyuta kwa nilichoweka;
faida, ikishakatwa kodi, isubiri mwaka wa pili,
maana ufadhili una macho, hutazama alama,
na mtoto huugua mitihani ikikaribia.
Wamimbi akagonga muhuri. Wino ulikuwa umekauka.
Akagonga tena.

Usiku nimemshonea koti jeupe la maabara,
mifuko miwili, kola ngumu, jina lake kwa uzi wa buluu.
Kitambaa nilikuwa nacho, masalio ya sare za wauguzi.
Mtu akitaka kujua limegharimu kiasi gani,
sina ankara, sina muhuri.
Nina tundu la sindano
kwenye kidole cha shahada.