Kwa Wajumbe Waliouliza Siri Yetu

Mmesafiri siku mbili kuja Seoul
na madaftari mapya, na kalamu zenye nembo ya wizara,
na swali mlilolibeba kama yai:
mlifanyaje?

Majedwali ninayo. Chai ikishanywewa nitawaonyesha.
Mstari mwekundu ni mauzo ya nje,
unapanda kama mbuzi aliyeona jani juu ya mwamba.
Wa bluu ni riba: waliouza ng'ambo walikopeshwa kwa bei ya kutupa,
waliouza nyumbani walisubiri mlangoni.
Na hapa, mwaka wa sitini na sita, safu ya tatu,
kati ya samaki wakavu na mbao za plaiwudi,
kuna neno dogo:
mawigi.

Hapo naomba tusimame.

Mwezi wa nne. Shayiri bado kijani shambani,
mchele wa mwaka jana umebaki harufu ya gunia.
Bwana Pyo akashuka mlimani na mkasi na mizani,
akinadi, "Nanunua nywele! Nywele!"
kama wenzake wanavyonadi kuuza.
Mama yangu, Bok-nyeo, alikuwa akichambua maharage.
Akajifuta mikono, akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa,
akachomoa pini
iliyoshika fundo la miaka kumi na tisa.

Bwana Pyo alikuwa na adabu ya kazi yake:
alikata za chini, akaacha za juu zifunike,
ili mume asijue kabla ya usiku.
Mizani ikasema kidogo. Mizani husema kidogo siku zote.
Mama akamwambia apime tena
bila kidole.

Ilikuwa ada yangu ya muhula mmoja,
na chumvi.

Nywele zikaenda Guro, kwenye ukumbi wa taa ndefu,
alikokuwa dada yangu Mal-suk, miaka kumi na sita,
akizishona kwenye wavu, unywele kwa unywele,
kwa sindano yenye ndoano.
Haba na haba hujaza kibaba;
kibaba hakikuwa chake.
Aliniandikia: "Zinakuja zimechemshwa, hazina harufu ya mtu.
Lakini kila shungi jeusi nalisalimu.
Huenda ni Mama."

Meli ikaondoka. Mwanamke nisiyemjua
akajitazama kwenye kioo cha mbali, akapendeza.
Dola zikarudi zimekuwa saruji,
zimekuwa tanuru la chuma,
zimekuwa barabara iliyowaleta leo kutoka uwanja wa ndege.

Uchumi ulikua, vitabu vinasema.
Nywele nazo zilikua; Mama alikatwa mara tatu.
Mara ya nne Bwana Pyo alipapasa,
akatikisa kichwa, akapita nyumba ya pili.

Nina mzaha wangu wa hotubani:
tuliuza nywele, kichwa tukakipeleka shule.
Wageni hucheka, huandika.
Sijawahi kuumalizia.
Kilikwenda kichwa kimoja. Changu.
Cha Mal-suk kiliinamia wavu miaka kumi na moja,
na shingo yake sasa hainyooki;
mwezi anautazama ndani ya beseni la maji.

Sisemi msiuze. Njaa ya kabla ya mavuno naijua,
haisomi sera.
Uzeni. Mizani iwe yenu.
Mkopesheni anayeuza, na asipouza mnyang'anyeni;
hilo tulilifanya, tena bila huruma, na lilifaa.
Muulizeni tu Mal-suk wenu kabla hamjaandika lengo la mwezi ukutani,
maana baadaye
atawaambia hakumbuki vizuri, atawakatia tunda,
atauliza kama mmekula.

Chai imefika.
Wewe binti wa kiti cha mwisho, umeacha kuandika,
umeushika msuko wako.

Jedwali la kwanza, tafadhali.
Zimeni taa.