Dakika ya Kumi na Nne

Niliinunua Luthuli, mtumba, lenzi imekwaruzika,
nikaigandisha kidevuni mwa helmeti
na juu ya gundi nikaongeza kamba ya kiatu.
"Gundi haijui matuta ya Jogoo Road," aliniambia Odanga.
Kinasa sauti nikakivika sponji
niliyoinyofoa godoroni.
Hata hivyo upepo ulipenya.

Jicho langu huona shimo, breki ya lori, kanjo.
Lile la kamera ni pana, kama la kinyonga,
linaokota na kingo.

Usiku huu, Umoja, stima imepotea,
natazama kwenye simu safari ya asubuhi:
Donholm, mvua, matope yanaruka hadi kiooni,
kidole gumba changu kinapangusa,
kikubwa kama mlango.
Kisha, kando ya kituo,
mwanamke anainua mkono.

Narudisha. Napunguza mwendo.

Ni Nekesa.
Dada yangu, ambaye hatujasemezana
tangu tugawane shamba la Kimilili
kwa futi na kwa matusi.
Mdomo wake unafunguka. Jina langu, nadhani,
lile la utotoni.
Upepo umelimeza.

Nimerudisha mara tisa. Mara tisa nampita.
Mara tisa ule mkono unashuka,
unajifanya ulitaka tu kurekebisha kitambaa kichwani.

Betri imebaki alama moja.
Kesho saa moja kasoro nitapita palepale, taratibu.
Kamera itabaki nyumbani, ikingoja stima.
Shingo ninayo.