Ungo Juu ya Jiwe la Nyamizi

Igogo hatujengi nyumba, tunaziegesha
kwenye mawe, kama mtu aegeshavyo baiskeli
akiamini mlima hautapiga chafya.

Waya wa intaneti ulifika kwangu mwezi wa tatu
ukakomea hapo. Kijana wa kampuni
akatazama juu, akakunja ngazi yake:
"Huko, fundi, labda muwatume pimbi."

Huko kuna kaya kumi na tisa.
Na ng'ambo ya maji, Kamanga, kuna dada yangu Minza,
muuguzi, anayepanda juu ya tangi la zahanati
kila Ijumaa kutuma ripoti,
simu kainyoosha kama anayeomba mvua.

Tukachanga. Daftari lipo:
elfu tano, elfu mbili, sado mbili za dagaa,
na bomba la chuma la mama Sospeter
alilokuwa akianikia nepi za watoto
ambao sasa wana ndevu.

Nikanunua nyungo mbili za bati.
Watu wakasema: ungo? Usiku? Juu ya jiwe?
Nikasema ndiyo, ila huu haupai,
unatazamana tu na mwenzake.

Na hapo ndipo penye shida.
Mawimbi haya yana haya:
hayapenyi, hayazunguki, hayaiti kwa mbali,
yanataka kuonana uso kwa uso,
bila tawi, bila bega la jiwe katikati.
Na mahali pekee Igogo panapoiona zahanati ya Kamanga
ni nyuma ya jiko la Nyamizi.

Miaka sita hatujasalimiana.
Maji yake ya samaki yalishuka mlangoni kwangu,
nikapeleka neno kwa balozi, neno likazaa.
Tangu hapo, tukipishana kwenye ngazi za mawe,
kila mmoja hukumbuka kitu cha kutazama ziwani.

Kuvuka ziwa, kwa ramani: kilomita sita na ushee.
Kutoka kwangu hadi kwa Nyamizi: ngazi arobaini na moja.
Hizo ndizo zilizonichukua wiki tatu.

Nilimkuta anapara sato. Hakuinua uso.
"Ungo huo unapepeta nini?"
"Maneno."
"Basi anza na yale uliyompelekea balozi."

Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikaanza.
Hayo siyaandiki.
Gamba moja liliruka likanishika shavuni,
nikaliacha.

Asubuhi tukatoboa jiwe. Drili ya kukodi ikalia,
itale likatoa unga mweupe kama wa muhogo.
Nyamizi akashika bomba, mimi nikakaza nati,
Minza kwenye simu, juu ya tangi lake:
"Kushoto. Hapana! Kushoto kwangu!"
Nusu siku tuligombea kushoto ni kwa nani.
Kisha wadudu wa ziwa wakapanda kutoka majini,
moshi mweusi usio na moto,
wakasimama katikati kama pazia la msiba.
Sijui kama waliziba kweli. Tukangoja.

Saa tisa kasoro: taa ya kijani. Ya pili.
Zote zikazimika. Moja ikarudi.

Ningependa kuandika kwamba cha kwanza kuvuka
kilikuwa salamu, au hesabu za chanjo.
Ilikuwa picha ya goti la Minza,
alilolikwaruza kwenye tangi.

Neno la siri alichagua Nyamizi, mwenye jiwe.
Silitaji. Ila kila jirani akiambiwa
hucheka, hunitazama mimi,
kisha hutazama mfereji.

Upepo ukivuma sana ungo hugeuka shingo kidogo,
na Nyamizi hugonga sufuria mara tatu.
Juzi aligonga, nikapanda na spana yangu,
nikakuta taa zote zinawaka.
Alikuwa anabandua ugali ulioshika.
Nikakaza nati hivyo hivyo.